Uliza Ujibiwe: Balozi wa Uingereza anatoka wapi, na mkono wake unafika wapi?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Mtwara na Lindi watuletee maswali kuhusu kazi ya balozi, hasa balozi wa Uingereza, kwa kuwa historia ya pwani yetu imegusana na nchi hiyo kwa muda mrefu. Barua zimekuja nyingi. Tumechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mwingine. Kwetu neno "balozi" linabeba watu wawili: balozi wa nyumba kumi, ambaye ukigombana na jirani unamgongea mlango, na balozi wa nchi. Waandishi wengi wa barua wanamtarajia huyu wa pili afanye kazi za yule wa kwanza, na ndiyo maana tumejibu kwa urefu.

Shikamooni wahariri. Nipo kidato cha sita, nasoma HKL. Nimesikia balozi wa Uingereza anateuliwa na Mfalme. Mfalme anamjuaje? Na mimi Mtanzania naweza kuifikia kazi hiyo? (Mwanafunzi, Masasi)

Marahaba, mwanetu. Mfalme anatia saini, hachagui. Kabla karatasi haijafika mezani kwake, mhusika kwa kawaida ameshakaa kazini miaka kumi na tano, ishirini, au zaidi.

Safari huanza na usaili kama wa kazi nyingine yoyote ya serikali. Kijana wa Kiingereza mwenye shahada huomba kupitia mpango wa serikali yao wa kuajiri wahitimu, upande wa diplomasia na maendeleo. Somo halijalishi, awe amesoma historia au kemia, mradi ufaulu usiwe chini ya daraja la pili la chini. Anafanya majaribio kwenye kompyuta, kisha anapimwa na wapimaji: anapewa rundo la nyaraka zinazopingana, aandike ushauri kwa muda mfupi, aujadili na wenzake na kuutetea. Wapo pia wanaoingia kwa mlango wa chini, wakiwa makarani na maofisa wasaidizi, wakapanda hadi wakawa mabalozi.

Akifaulu, anapekuliwa. Upekuzi wa ngazi ya juu huchukua miezi. Ataulizwa madeni yake, ndugu, wachumba, safari, pombe, dawa za kulevya. Mahojiano huenda saa kadhaa, na wanaomfahamu nao huulizwa. Deni lenyewe mara nyingi si tatizo. Tatizo ni kulificha, kwa sababu mtu mwenye siri anaweza kubanwa na yeyote anayeijua.

Baada ya hapo ni ngazi kwa ngazi: katibu wa pili, katibu wa kwanza, mshauri, naibu balozi. Kila kituo miaka mitatu au minne, na katikati anarudi London kukalia dawati la nchi fulani au jambo fulani, tuseme biashara ya gesi. Akipangiwa nchi yenye lugha ngumu kama Kichina, Kiarabu, Kijapani au Kikorea, anaweza kukaa darasani karibu miaka miwili, mshahara ukiingia, kabla hajafika kituoni. Wizara ilifungua upya shule yake ya lugha London mwaka 2013, baada ya kugundua kwamba kuifunga kulipunguza watu wanaoweza kuzungumza na wenyeji bila mkalimani.

Nafasi ya ubalozi ikiwa wazi hutangazwa ndani ya wizara. Wanaoitaka wanaomba, wanasailiwa, jopo linapendekeza jina, Waziri wa Mambo ya Nje anakubali (na kwa vituo vikubwa Waziri Mkuu pia), ndipo Mfalme anaidhinisha. Hata hapo bado si balozi. Lazima nchi anakokwenda itoe ridhaa yake. Ibara ya 4 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unaosimamia mambo haya inasema nchi mwenyeji inaweza kukataa na haidaiwi sababu. Kwa kawaida wala haisemi "hapana": inanyamaza tu, wiki zinapita, wenye akili wanaelewa na kuleta jina jingine. Ndiyo maana jina hufichwa hadi jibu lifike. Israel ilitangaza jina la balozi wake kwa Brazil mwaka 2015 kabla ya kupata ridhaa. Brazil ikanyamaza miezi kadhaa, na mwaka 2016 mhusika akapangiwa kituo kingine mbele ya dunia nzima.

Sasa wewe. Kuwa balozi wa Uingereza haiwezekani bila uraia wa Uingereza. Yapo mambo mawili yanayowezekana. Kwanza, balozi zote huajiri wenyeji: maofisa wa siasa, wa biashara, wa miradi, wahasibu, madereva. Balozi anakaa miaka mitatu anaondoka. Mtanzania anayejua nani ni nani anabaki miaka kumi na tano, na ushauri wake ndio balozi mgeni anaouegemea. Pili, ipo njia yetu wenyewe. Kurasini, Dar es Salaam, kuna Chuo cha Diplomasia kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, sasa kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Ajira za wizara hupitia Sekretarieti ya Ajira. Watu wa Kusini wamepita humo kabla yako: Benjamin Mkapa wa Lupaso, hapo hapo Masasi kwenu, alituwakilisha Nigeria, Canada na Marekani kabla ya kuwa Rais, na Bernard Membe wa Lindi alitumikia ubalozi wetu Canada kabla ya kuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2007 hadi 2015.

Neno moja la ziada: jifunze Kireno. Uko mwendo wa gari tu kutoka daraja la Mtambaswala la kuvukia Msumbiji, na Watanzania wanaokijua vizuri ni wachache kuliko wanaojua Kifaransa.

Mjomba wangu anasisitiza kwamba Uingereza haina balozi Tanzania, ina "Kamishna Mkuu". Wakati wa mradi wa Waingereza wa kulima karanga hapa kwetu huyo Kamishna alikuwa wapi? (Mwalimu, Nachingwea)

Mjomba yuko sahihi kwa jina, lakini kazi ni ile ile. Nchi za Jumuiya ya Madola hazipelekeani "balozi" bali "Kamishna Mkuu", ingawa kwa Kiswahili sote tunamwita balozi na hakuna anayekosea. Tofauti iliyobaki ni ya barua. Kwa nchi kama Tanzania, yenye Rais, anakuja na barua ya Mfalme kwa Rais. Kwa Canada, Australia au Jamaica, ambako Mfalme huyo huyo ndiye mkuu wa nchi, hawezi kujiandikia mwenyewe, hivyo barua hutoka kwa Waziri Mkuu kwenda kwa Waziri Mkuu mwenzake. Ng'ambo ya Ruvuma utaona jina likibadilika: Msumbiji iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 1995, na mwakilishi wa Uingereza aliyekuwa balozi Maputo akawa Kamishna Mkuu. Zimbabwe ilijitoa mwaka 2003, ikawa kinyume chake.

Wakati wa karanga hakukuwa na balozi yeyote, kwa sababu balozi hupelekwa kwa nchi huru. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Gavana aliyewajibika kwa Wizara ya Makoloni ya London, na mradi wenyewe (1947 hadi 1951) ulisimamiwa kwa sehemu kubwa na shirika la serikali yao la chakula. Mkulima wa Nachingwea aliyechukuliwa ardhi hakuwa na mlango wa ubalozi wa kugonga. Mtawala na mlalamikiwa walikuwa mtu mmoja. Mradi ulifutwa ukiwa umekula zaidi ya paundi milioni 36. Kwetu ziliachwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, na reli hiyo baadaye iling'olewa. Wizara ya Makoloni iliunganishwa na nyingine hatua kwa hatua hadi ikapatikana wizara moja ya mambo ya nje na Jumuiya ya Madola mwaka 1968; Septemba 2020 ikaongezewa na idara ya misaada ya maendeleo. Kwa hiyo siku hizi balozi wa Uingereza anasimamia pia fedha za miradi, jambo ambalo watangulizi wake kati ya 1997 na 2020 waliwaachia watu wa wizara nyingine.

Mimi naona balozi kwenye picha tu, anakata utepe, anakunywa juisi. Kazi yake hasa ni ipi? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

Ni kuandika. Utepe na juisi ni njia ya kukutana na watu wenye la kusema. Mzigo ni kile kinachoandikwa usiku ule kabla hakijapoa.

Tumfuate siku moja akiwa huku. Asubuhi anakutana na Mkuu wa Mkoa wa Lindi, mchana na watu wa korosho, jioni na wavuvi wa Kilwa. Akirudi hotelini lazima London wapate ripoti. Zamani iliitwa telegramu na jina hilo bado wanalitumia, ingawa sasa inakwenda kwa mtandao wa siri. Umbo lake halibadiliki sana. Juu kabisa kichwa cha habari. Chini yake muhtasari wa mistari michache, kwa sababu waziri anaweza kusoma hiyo tu. Kisha maelezo: nani kasema nini, wapi. Mwisho, kwenye aya yake peke yake, "Maoni", ambapo balozi anasema yeye anaonaje.

Kutenganisha maelezo na maoni ndiyo ufundi wenyewe. Ofisa mchanga huandika: "Wavuvi wana hasira na mradi." London haiwezi kujua kama wavuvi wamesema hivyo au ofisa kahisi. Ofisa aliyekomaa huandika: "Wavuvi wanne kati ya sita waliozungumza walisema hawajui watalipwa lini. Mmoja alitoka kikaoni." Halafu, kwenye Maoni: "Tunadhani hasira itapanda msimu wa kusi, boti nyingi zikiwa nchi kavu." Makosa mengine ya kawaida ni kuandika kurasa sita pale mbili zinatosha, kupeleka nakala kwa watu wengi mno, na kusikiliza mji mkuu peke yake. Balozi asiyetoka Dar es Salaam na Dodoma anaandika nchi nyingine kabisa, hii tunaisema kwa msisitizo.

Kazi nyingine ni kupeleka ujumbe. London inamwagiza: mwambie waziri fulani kwamba tutapiga kura hivi Umoja wa Mataifa, muulize wao watapigaje. Anaomba miadi, anazungumza kwa mdomo, anaacha karatasi isiyo na saini yenye hoja zile zile ili pasitokee ubishi wa nani alisema nini. Halafu kuna kuongoza ofisi: usalama wa wafanyakazi, bajeti, kuwasaidia Waingereza waliopatwa na matatizo. Nyumba anayoishi si yake, na karamu anayowaandalia wageni hutolewa hesabu kwa risiti. Mshahara wake unakatwa kodi ya Uingereza kama wa mwalimu wa London.

Naendesha bodaboda Lindi mjini. Ikinigonga gari yenye namba za CD, nimekwisha? Maana wanasema hawashtakiwi. (Dereva, Lindi)

Hujakwisha, ila fanya mambo kwa mpangilio.

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: nani alikuwa kwenye usukani? Magari mengi ya balozi huendeshwa na madereva Watanzania. Mkataba wa Vienna haumpi mwenyeji kinga ya moja kwa moja. Mtanzania aliyeajiriwa ubalozini anapata tu kile ambacho serikali yetu imemruhusu. Namba za CD ni za gari, hazimvishi dereva kinga. Gari lenyewe la ubalozi haliwezi kupekuliwa wala kushikiliwa, hivyo msije mkalizingira, mtajiharibia kesi.

Piga picha ya namba zote za gari, pamoja na mahali lilipo na alama za breki. Ita trafiki. Polisi hawawezi kumkamata mwanadiplomasia wala kumlazimisha apimwe pombe, lakini wanaweza kupima barabara, kuchora ramani ya ajali na kuandika maelezo ya mashahidi, na wanapaswa kufanya hivyo. Chukua PF3, tibiwa, hifadhi kila risiti. Nakili namba ya bima. Bima ndiyo njia ya haraka zaidi ya kupata fidia, na madai mengi huishia hapo bila mahakama. Bima ikigoma, andika barua kwa Wizara ya Mambo ya Nje, idara ya itifaki, ukiambatanisha nakala za ripoti ya polisi, daktari na risiti. Wizara ndiyo inayozungumza na ubalozi. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kukubali fedha kidogo pale pale barabarani na kusaini karatasi asiyoisoma.

Je, kinga inaweza kuondolewa? Ndiyo, lakini anayeiondoa ni nchi iliyomtuma, kwa tamko la wazi. Yeye mwenyewe hawezi kuiacha hata akitaka. Na ipo hatua ya pili ambayo hata mawakili husahau: kukubali kesi isikilizwe si kukubali hukumu itekelezwe. Kila kimoja kinahitaji tamko lake. Nchi mwenyeji ikikasirika, silaha yake ni kumtangaza mtu huyo hatakiwi, aondoke.

Waingereza wenyewe wameonja uchungu huu. Agosti 2019 kijana wa miaka 19 akiwa kwenye pikipiki aligongwa na gari lililokuwa upande usio wake wa barabara, karibu na kambi ya Northamptonshire inayotumiwa na Wamarekani. Aliyekuwa akiendesha, mke wa mfanyakazi wa serikali ya Marekani, aliondoka nchini kwa kinga. Wazazi walipambana miaka mitatu. Desemba 2022 dereva yule alihukumiwa kwa njia ya video kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa. Mwanya wa kinga uliomruhusu kuondoka ulikuwa umeshazibwa mwaka 2020, kwa ajili ya familia za watumishi wa kambi ile.

Binti yangu amenyimwa viza ya kwenda kumtembelea dada yake London. Nikimwandikia balozi barua nzuri, atanisaidia? (Mama mfanyabiashara, Tandahimba)

Pole, mama. Hapana. Viza za Uingereza ziko chini ya Wizara yao ya Mambo ya Ndani. Kituo cha Dar es Salaam kinachukua tu picha na alama za vidole. Uamuzi hufanywa na maofisa wasiokuwa chini ya balozi, na hana mamlaka ya kuubadili. Anayekwambia "nina mtu ubalozini, lete laki tano" anakuibia.

Soma barua ya kukataliwa sentensi kwa sentensi, maana inataja sababu. Kwa wafanyabiashara wa kwetu sababu kubwa ni fedha zisizo na maelezo: akaunti ilikuwa na laki mbili, ghafla zikaingia milioni nane wiki moja kabla ya maombi. Huenda ni malipo halali ya mnada wa korosho. Ofisa aliyekaa mbali hajui mnada ni nini. Ambatanisha stakabadhi ya ghala, hati ya malipo ya chama cha msingi na taarifa ya benki ya miezi sita, na uandike aya moja inayoeleza kwamba mkulima wa korosho hupokea fedha kwa msimu. Kisha onyesha kinachomrudisha nyumbani: shamba, ajira, watoto shuleni. Anaruhusiwa kuomba upya. Asipeleke maombi yale yale bila kurekebisha.

Pale Mikindani kuna kibao kinachosema Livingstone aliondokea hapa. Je, alikuwa balozi? (Mzee, Mikindani)

Shikamoo mzee wetu. Hakuwa balozi, alikuwa konseli, na tena bila mshahara. Serikali ya Uingereza ilimpa cheo hicho kabla hajashuka ghuba ya Mikindani Machi 1866 na kuelekea Ruvuma.

Balozi huzungumza na serikali kwa niaba ya serikali. Konseli anashughulika na watu na biashara: pasipoti, mabaharia waliokwama, wafungwa, vyeti vya ndoa na vifo. Kazi yake ina mkataba wake, wa mwaka 1963. Lakini karne ya 19 Unguja mambo yalichanganyika. Konseli John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyewahi kusafiri na Livingstone Zambezi, alikuwa na nguvu kuliko mabalozi wengi wa leo kwa kuwa nyuma yake zilikaa manowari. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa baharini na kufunga masoko yao, chini ya tishio la manowari hizo kuzuia bandari. Mikindani na Kilwa Kivinje ziliguswa moja kwa moja. Baadhi ya wafanyabiashara walihamishia misafara nchi kavu, kuelekea kaskazini kwa miguu, na kwa muda mateso yaliongezeka. Sahihi ya Sultani ilipatikana kwa siku chache, lakini bara hapakuwa na mtu wa kuusimamia mkataba.

Shell ni kampuni ya Kiingereza na inahusika na gesi ya Likong'o. Balozi wao akiombwa, si ataiambia ituajiri vijana wa hapa? (Kijana, Lindi)

Hataiambia, kwa sababu haiongozi. Ubalozi huisaidia kampuni kupata miadi na kuelewa sheria zetu. Hauna kiti kwenye bodi yake. Masharti ya kuajiri na kununua kwa wenyeji yamo kwenye sheria zetu za petroli, na msimamizi wake ni PURA, mamlaka ya serikali inayosimamia utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi. Huko ndiko pa kupeleka hoja, kupitia halmashauri au mbunge, mkiwa na orodha ya mafundi mlionao na vyeti vyao.

Jambo moja balozi analilazimika: akisikia kampuni au raia wa Uingereza ametoa rushwa huku, ofisi yake inatakiwa kuripoti London. Sheria yao ya rushwa ya mwaka 2010 inaruhusu kampuni kushtakiwa Uingereza kwa rushwa iliyotolewa hata Lindi.

Balozi anaweza kufukuzwa kazi? Na nani? (Msomaji, Ruangwa)

Anaweza kurudishwa na waliomtuma, kukataliwa na wenyeji, au kukosa hewa katikati yao.

Mfano wa aina hiyo ya mwisho ni Kim Darroch, aliyekuwa balozi wa Uingereza Washington. Julai 2019 ripoti zake za siri zilivuja, zikieleza serikali ya Rais Trump kuwa haina ufanisi. Alichoandika ndicho alicholipwa kukiandika, lakini Rais alipotangaza kwamba hatashughulika naye tena, milango ilifungwa, na tarehe 10 Julai akajiuzulu. Balozi asiyepokewa simu hana kazi. Mwaka 2025 kituo hicho hicho kilipewa mwanasiasa, Peter Mandelson, jambo lisilo la kawaida kwa Waingereza wanaopeleka watumishi waliokulia wizarani. Akaondolewa Septemba ya mwaka huo, baada ya barua pepe zake kwa Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyewahi kuhukumiwa kwa makosa ya ngono, kutoka hadharani. Upekuzi tuliomweleza mwanafunzi wa Masasi una sababu.

Nchi nazo hukata uhusiano. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa kushindwa kwake kuuzima uasi wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na Uingereza ikazuia mkopo wa paundi milioni 7.5 tuliokuwa tumeahidiwa. Uhusiano ulirejeshwa mwaka 1968. Tulilipa gharama, na mpaka leo msimamo ule unatajwa kwa heshima.

Tungependa balozi wa Uingereza aje kuzungumza na wanafunzi wetu. Tuanzie wapi? (Mwalimu wa taaluma, Newala)

Anzeni na tarehe, na iwe mbali: miezi miwili au mitatu. Ndege hadi Mtwara, gari hadi juu ya uwanda wa Makonde, kulala, kurudi; mnamwomba siku mbili, hawezi kuja kwa ajili ya saa moja. Kwa hiyo unganeni na shule nyingine mbili na halmashauri, ili safari iwe na vituo vitatu au vinne.

Barua iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza, isainiwe na mkuu wa shule. Sentensi ya kwanza iseme mnachotaka: "Tunaomba uzungumze kwa dakika arobaini na wanafunzi wa kidato cha tano kuhusu kazi ya ubalozi, kisha ujibu maswali yao." Andikeni idadi ya wanafunzi, jina na simu ya mwalimu mmoja wa kuwasiliana, na tarehe mbili za kuchagua. Msiweke ombi la madawati, kompyuta na uzio humo humo. Barua yenye maombi sita hupelekwa kwa mtu wa miradi na haimfikii balozi. Nakala iende kwa Mkurugenzi wa halmashauri na ofisi ya Mkuu wa Mkoa, maana ziara za mabalozi mikoani huratibiwa na serikali, na shule isiyotoa taarifa huahirishiwa asubuhi ya siku yenyewe.

Akishindwa, ombeni ofisa wa siasa au wa elimu. Mara nyingi ni Mtanzania, na kwa wanafunzi wenu huyo anaweza kuwafaa zaidi. Muulizeni kuhusu ufadhili wa Chevening: shahada ya uzamili ya mwaka mmoja Uingereza, unaolipiwa na wizara yao. Dirisha hufunguliwa Agosti. Sharti ni shahada ya kwanza, saa 2,800 za kazi, kuchagua kozi tatu, kuandika insha nne, na kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Wengi huanguka kwa kuchagua kozi tatu zisizohusiana, uhandisi hapa, uandishi wa habari pale. Wanafunzi wa kidato cha tano bado wana safari, lakini walimu wao vijana saa hizo 2,800 wameshazifikisha zamani.